Unataka kuandika fantasi? Chagua uongo mmoja tu

Kila baada ya muda inbox yangu inaingia meseji ya aina ileile, dada nataka kuandika riwaya ya fantasi, nimeshatunga falme, majoka, lugha mpya na ramani nimechora, ila sura ya kwanza haiandikiki. Na mi jibu langu halijabadilika, punguza. Chagua uongo mmoja, mmoja tu, halafu vingine vyote kwenye kitabu viwe vya kweli kabisa, vya kushikika, mpaka msomaji akifika kwenye ule uongo anaumeza na hajui kaumeza saa ngapi.

Nikupe mfano wa kitabu ninachoandika sa hivi. Kuna mji wa kubuni pwani ya Tanga, upande wa Pangani kule, enzi za majahazi, na kwenye huo mji kuna watu wachache wanaoweza kuiomba bahari kitu ikawapa. Basi, uongo wenyewe ndo huo. Hakuna joka, hakuna fimbo inayowaka, hakuna mtoto aliyetabiriwa. Ukishauchagua uongo wako kazi inayobaki ni kuubana na maswali, na mi yangu ya kwanza huwa ni lini unafanya kazi na nani anaulipia.

Lini, nimechukua bamvua. Aliyekulia pwani anajua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji yanajaa kupita kiasi na yakikupwa yanakupwa mpaka unatembea kwa miguu mahali ambapo jana chombo kilipita, halafu katikati hapo kuna maji mafu, bahari haipandi sana haishuki sana. Nikasema waombaji wangu wana nguvu kwenye bamvua tu, siku za maji mafu ni watu wa kawaida kama muuza chapati. Sasa ona kilichotokea, kila mtoto wa mvuvi anajua bamvua ni lini, kwahiyo adui naye anajua, anahesabu mwezi anakuja kushambulia siku za maji mafu, na mwombaji naye anajua kwamba adui anajua. Nusu ya mbinu za vita kwenye kitabu sikuzitunga, zipo tu pale ufukweni zinapanda na kushuka.

Hili la bei ndo nakaa nalo zaidi maana ndo wengi wanalipita haraka. Mara nyingi bei ya uchawi kwenye hadithi za watu ni mchawi mwenyewe kuchoka, anatoka damu puani, analala. Msomaji akishaona mara mbili kwamba akilala anaamka mzima, hofu imeisha. Mi nikataka bei alipe mtu mwingine. Kila ombi likikubaliwa bahari inakula ardhi, hatua kadhaa za ufuo zinaondoka, na ukitembea Pangani ukaona minazi ilivyolala mizizi iko nje utaelewa hiyo picha nimeitoa wapi. Kwahiyo mwombaji anaokoa jahazi lake lisizame, na mjane mwenye kibanda ufuoni anaamka hana jiko. Hapo sihitaji tena kutafuta mhusika mbaya, majirani wenyewe wanatosha, wana panga na wana haki.

Na angalizo kuhusu majini. Ukiwa unaandikia watu wa pwani elewa kwamba kwa wasomaji wengi jini sio fantasi, jini ni jirani, kuna anayemjua aliyeolewa naye. Ukimweka kwenye kitabu anahesabika upande wa vitu vya kweli na utaulizwa maswali kama vile umeandika habari za serikali ya mtaa. Mi simkatazi mtu, ila uongo wako mmoja usiutumie hapo.

Sasa vile vya kweli. Hapa lazima utoke ndani. Google haitakusaidia sana, utasaidiwa na wazee. Kuna nahodha mmoja mstaafu nilimfuata kumuuliza, mhusika wangu wa kike anataka kutoka Lamu kwenda Kilwa mwezi wa saba, itamchukua muda gani. Mzee akaniangalia, akasema, "Mwezi wa saba si kusi, mwanangu? Atasubiri. Akae, aolewe, azae, kaskazi ikishika ndo aondoke." Manake kusi inavuma kutoka kusini kuanzia kama mwezi wa nne mpaka wa tisa hivi, na kaskazi inakuja kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, na chombo cha tanga hakibishani na hayo mambo safari nzima. Ile kusubiri ikanipa sehemu yote ya katikati ya kitabu, mwanamke mwenye haraka amekwama kwenye mji wa watu miezi, hana hela, na siri anayo. Nimewahi kuwaambia wenzangu kwamba upepo ni mhariri mzuri kuliko binadamu, wakacheka, lakini jaribu.

Vipo vingi vya namna hiyo na havina hakimiliki ya mtu. Mtepe, chombo cha zamani cha Lamu kile, mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari, tanga lake la mkeka. Mwaka wa Kiswahili wa mabaharia unaanzia Nairuzi, yaani siku yake ya mwaka mpya, na siku zake zinahesabiwa kwa miongo, kumi kumi, sio kwa wiki, sasa fikiria kwenye dunia yako watu wakiahidiana wanasema tukutane mwongo wa ishirini. Mwaka 1944 kule visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia ziliokotwa sarafu za kale na tano kati yake zilikuwa za Kilwa, nani alizipeleka mpaka leo watu wanabishana, hiyo peke yake ni riwaya tatu. Na kwa wale wanaodhani vitu vyetu ni vya kawaida mno, Malindi walipeleka twiga China mwaka 1415, enzi za safari za Zheng He, amiri wa meli za China, na wakubwa wa kule walipomwona wakamfananisha na qilin, mnyama wa kwenye hadithi zao wenyewe. Twiga yuleyule unayempita njia ya Mikumi na basi huku umesinzia.

Kuhusu ratiba sina siri. Naandika asubuhi mapema kabla nyumba haijaamka, mkononi kwanza kwenye daftari maana umeme ukikatika daftari halizimi, mchana nikiwa kwenye daladala najirekodi voice note za mazungumzo ya wahusika, watu wanajua nagombana na mtu kwenye simu. Usiku nataipu. Kila sura ikiisha namsomea shangazi kwa sauti. Yeye fantasi haimhusu, anapenda tamthilia za Kituruki, lakini akianza kuangalia simu yake najua hapo pa kukata, na akiuliza "kwani huyo mume wake yuko wapi?" najua kuna kitu nimeacha wazi. Soma kwa sauti jamani, Kiswahili kibovu kinajificha kwenye karatasi lakini mdomoni hakipiti.

Majina, msihangaike na yale ya herufi zilizogongana. Fumo, Mwana, Mwinyi, Shee, pwani imejaa majina yenye uzito wake tayari.

Mwisho biashara, maana mnaniuliza. Wengi tunaanza na simulizi za WhatsApp, sehemu kwa sehemu, zinazofuata mtu analipia kwa simu. Inafundisha sana kumaliza kipande mahali penye moto, ila usianze kuposti kabla hujaandika mwisho, wasomaji watakulilia umfufue mtu na wewe utamfufua. Sambamba na hapo tunza mswada mzima kwa ajili ya tuzo za uandishi, ile ya Safal ambayo zamani iliitwa Mabati-Cornell inapokea miswada ambayo haijachapishwa, na hapa Tanzania ipo ya Mwalimu Nyerere chini ya Taasisi ya Elimu. Soma masharti ya mwaka husika vizuri, kazi iliyokwisha sambazwa mitandaoni inaweza kukuletea utata, ndo maana mi ninayoposti na ninayotunza ni hadithi mbili tofauti. Na kukopiwa utakopiwa tu. Nikikuta sehemu yangu kwenye group la watu namfuata admin namwomba aweke jina langu juu, wengi wanaweka, na wawili watatu kati ya wale wasomaji wanakuja inbox kuulizia sehemu inayofuata bei gani.