Friji ya gari kushindwa joto la Natron: kabla hujaiuza, pima waya

Mkuu, umesema friji yako ya lita 40 inagandisha vizuri ukiwa nyumbani Sakina, Arusha, ila ukishuka nayo bondeni Tarangire au Ziwa Natron soda zinakuwa vuguvugu, na fundi amekwambia kompresa (ile pampu ya gesi ya kupozea) imechoka. Naomba usiiuze kwanza. Nusura nami niiuze yangu kwa bei ya kutupa, na haikuwa na kosa lolote.

Ni dereva wa watalii, nakaa Moshi, safari nyingi naanzia Arusha. Nianze na jambo dogo tulimalize: hakikisha yako kweli ina kompresa. Ya kwanza niliyonunua haikuwa nayo. Ilikuwa zile nyepesi zenye feni, ukigeuza swichi inapasha chakula moto. Zile zinashusha joto nyuzi 15 hadi 20 tu chini ya hewa iliyoko nje. Arusha mwezi wa saba, hewa ikiwa nyuzi 20, utaisifia. Ishushe Natron kwenye nyuzi 38, ndani unapata 18 hadi 23, na nyama haikai kwenye joto hilo. Tena haipumziki, inavuta umeme mfululizo usiku kucha. Kama yako ni ya aina hiyo, haya mengine yote hayatakusaidia, tafuta ya kompresa. Ukifika dukani angalia kibandiko cha nyuma: herufi N maana yake imetengenezwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 32, ST 38, na T 43. Kwa kazi zetu za bondeni chukua T.

Sasa nije kwenye lako, maana kwa maelezo yako naona ni kompresa.

Februari ya mwaka juzi nilishuka Natron na wageni wanne. Mmoja ana kisukari, na insulini yake ya akiba alinikabidhi niiweke kwenye friji. Mnajua ile njia: ukitoka Mto wa Mbu ukapita Engaruka, joto linapanda kila unavyosogea, kwa sababu ziwa liko mita 600 hivi tu kutoka usawa wa bahari wakati Arusha mjini ni kama 1,400. Saa saba mchana tukasimama chini ya mgunga kula. Mpishi wetu, mzee niliyesafiri naye miaka mingi, akafunua friji, akaniita kwa sauti ya chini wageni wasisikie: "Mdogo wangu, njoo ushike siagi hii." Nikashika. Imekuwa mafuta ndani ya karatasi yake. Nikainama kusikiliza kompresa: tik, inaunguruma sekunde mbili, kimya. Taa nyekundu inawaka mara moja, inatulia, inawaka tena mara moja.

Cha kwanza ilikuwa insulini. Ile ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Mzee akamwaga wali kwenye sufuria, akaosha hotipoti, tukaweka chupa mbili za maji zilizokuwa bado za baridi, tukazungushia kitambaa kibichi, dawa ikakaa katikati. Ilifika Ngare Sero ikiwa ya baridi. Tangu siku ile kwenye gari langu hotipoti moja tupu haikosekani.

Ile taa ndiyo iliyonipa jibu. Friji nyingi za gari zinatumia kompresa ya Danfoss, siku hizi inaitwa Secop, au nyingine zinazofanana nayo. Kwenye hizo za Danfoss taa ikiwaka mara moja na kutulia, friji inalalamika volti ni ndogo. Ikiwaka mara tano, kile kisanduku cha elektroniki kimepata joto kupita kiasi. Yangu ilikuwa mara moja. Nikatoa mita ya kupimia volti. Kwenye vichwa vya betri, volti 12.5, betri nzima kabisa. Nikapima nyuma ya gari pale friji inapochomekwa, wakati kompresa inajaribu kuwaka: volti 11.0. Volti moja na nusu imepotelea njiani, na yangu ikishuka chini ya 11.1 inajizima yenyewe ili betri isife.

Imepotelea wapi? Fundi aliyeifunga alivuta waya wa 1.5 (unene wa milimita za mraba) kutoka mbele hadi nyuma, mita tano. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita kumi za waya. Kompresa ikivuta ampea 5, waya huo peke yake unakula karibu volti 0.6. Iliyobaki ililiwa na soketi, ile ya kuchomekea chaja za simu. Nilipoichomoa nilikuta plastiki imebadilika rangi kuwa kahawia, na kile kichuma cha ndani kimelegea kwa mtikisiko wa barabara.

Hapo sasa uniambie, mkuu: ulipoijaribu nyumbani Sakina, uliichomeka wapi? Kama ni kwenye umeme wa Tanesco kwa adapta yake, hukuupima waya wa gari hata kidogo. Na hata kama ilikuwa kwenye gari, Arusha kuna ubaridi, kompresa inaanza kirahisi na inafanya kazi kidogo. Joto likiwa kali, gesi ndani inakuwa na presha kubwa zaidi, mota inavuta ampea nyingi zaidi, na kila ampea inayoongezeka inaongeza upotevu kwenye ule waya mwembamba. Ndiyo maana kosa linajificha huku juu na kujitokeza ukishafika bondeni. Fundi akiletewa friji, akaona inakataa kwa umeme wa gari lako, rahisi kwake ni kusema kompresa imechoka.

Niliporudi Arusha nilikwenda kwa fundi umeme mwingine pale Unga Limited, akavuta waya wa 6 moja kwa moja kutoka betri ya pili, fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri, na plagi ya kusokota isiyochomoka kwa mtikisiko. Kwa waya huo upotevu ni volti 0.15 hivi. Friji ni ileile, kompresa ni ileile. Agosti na Januari zilizofuata nilirudi nayo Natron, siagi ikabaki siagi.

Baada ya waya, kinachoua friji zetu ni pale tunapoiweka. Friji haitengenezi baridi, inahamisha joto kutoka ndani na kulitupa nje kupitia yale matundu ya ubavuni. Nenda kaangalie gari lako likiwa limepakiwa: mablanketi, hema, mabegi ya wageni, vyote vimeegemea matundu. Joto linatoka na kurudi palepale. Acha nafasi ya kiganja kizima upande wa matundu, funga ubao au wavu mabegi yasisogee. Na gari likisimama juani madirisha yamefungwa, ndani kunapita nyuzi 50 bila shida. Hata ile ya T haikutengenezwa kwa hali hiyo. Egesha kivulini, fungua madirisha upande usio na nyani. Vumbi nalo: kila nikitoka Serengeti napita kwa fundi pancha ananipulizia upepo kwenye matundu, huku nimeshika feni kwa kijiti isizunguke. Kinachotoka humo ni unga.

Halafu upakiaji. Hili wapishi wengi hawalikubali mpaka uwaonyeshe kwa namba. Katoni ya maji yenye chupa 12 za lita moja na nusu ni lita 18. Ukiyaingiza yakiwa nyuzi 30 ukataka yafike 5, friji inatakiwa itoe kilojuli karibu 1,900 kwenye maji peke yake. Hiyo ni kazi ya nusu siku kwa friji ndogo, na wakati huo wote nyama inakaa kwenye joto. Kinyume chake, kila kilo ya barafu ikiyeyuka inameza kilojuli 334. Chupa sita za lita moja na nusu nikizigandisha nyumbani usiku wa kuamkia safari, ni kilo 9, kilojuli 3,000. Friji yenyewe naiwasha siku moja kabla, kwa umeme wa nyumbani, ikaondoke ikiwa tayari ya baridi na imejaa vitu vya baridi. Maji ya kunywa ya wageni yanakaa kwenye kuliboksi la kawaida na barafu yao, kwa sababu ndilo linalofunguliwa kila dakika kumi.

Na tafadhali, watu waache kushusha namba hadi nyuzi 5 chini ya sifuri wakidhani itapoza haraka. Kompresa ikishindwa kufikia 4, haitafikia hiyo nyingine. Ila usiku hewa ikipoa itaendelea kushuka, na asubuhi mboga za chini zimekuwa barafu. Insulini iliyoganda haifai tena, inatupwa. Dawa ya mgeni naiweka kwenye kikapu cha juu, ndani ya kopo, pamoja na chupa ndogo ya maji yenye kipimajoto. Namba ya kwenye kioo inasoma ukutani mwa friji. Nachoamini ni kile kipimajoto cha kwenye maji.

Kuhusu betri, nilishawahi kukaa na saa nikahesabu. Kambi ya Simba, juu ya kreta ya Ngorongoro, usiku, kompresa ilifanya kazi dakika 10 kwa saa. Natron mchana, 45. Natron usiku, kama 35. Kwa ampea 4.5, saa 12 za usiku wa Natron ni ampea-saa 31. Betri ya N70, ya ampea-saa 70 hivi, hutakiwi kuitumia zaidi ya nusu, yaani 35. Usiku mmoja inakutosha kwa taabu. Ukilala siku mbili bila kuwasha gari, ongeza sola ya wati 100 au usiitegemee.

Kwa hiyo leo jioni fanya hivi: chomeka friji kwenye gari, injini imezimwa, weka chupa za maji ya bomba ndani ili kompresa isisimame. Pima volti kwenye betri, kisha pima pale pale kwenye plagi ya friji huku inaunguruma. Niletee hizo namba mbili hapa, pamoja na ukubwa wa waya na idadi ya mara taa inavyowaka ikikataa. Tofauti ikizidi nusu volti, nitakuelekeza cha kumwambia fundi.