Moksa: kwa nini lengelenge limetoka na goti bado linauma

Mkuu, umeuliza kwa nini msokoto wa moksa (majani makavu ya Kichina yanayowashwa karibu na ngozi ili kupasha joto sehemu inayouma) uliomchomea bi mkubwa umemtoa lengelenge ndani ya dakika tano, na goti linauma vilevile. Chanzo kikubwa ni jivu. Hukulikung'uta.

Jivu likirefuka kwenye ncha huziba joto. Mgonjwa anasema hasikii kitu, wewe unasogeza karibu, kisha jivu linadondoka na kaa jekundu linabaki uchi sentimita moja tu kutoka kwenye ngozi. Ngozi inaungua juu, ndani ya goti joto halijafika. Kwa hiyo kila jivu likifikia urefu wa sm 1 hivi, toa msokoto pembeni, ukung'ute kwenye sahani ya bati yenye mchanga, kamwe si juu ya mguu.

Sababu ya pili huenda ni mali yenyewe. Moksa ni majani ya Artemisia argyi, Wachina wanaita ai, na yenye jina zaidi hutoka Qichun, mkoa wa Hubei. (Si ile Artemisia annua inayolimwa huku kwa ajili ya dawa mseto ya malaria. Ni ndugu, kazi tofauti, msianze kusokota ya shambani.) Majani hukaushwa, huhifadhiwa, mara nyingi hadi miaka 3, kisha hutwangwa na kuchekechwa hadi zibaki nyuzi laini kama pamba. Namba kwenye boksi, 5:1, 10:1 au 30:1, ni kilo za majani zilizotoa kilo moja ya pamba. Kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo moto unavyokuwa mpole, lakini muuzaji anaweza kuandika anachotaka. Chambua ncha uone: nzuri ni ya manjano iliyofifia, laini, haina vijiti. Ya kijani yenye vijiti hurusha cheche na moto wake hupanda ghafla.

Sasa goti. Mkalishe, goti likunjwe kidogo, mto chini yake. Msokoto wa kawaida una unene wa mm 18 na urefu wa sm 20. Uwashe kwa mshumaa mpaka duara lote la ncha liwe jekundu. Ukiwaka upande mmoja, joto nalo litakuwa la upande. Ushike kama kalamu, ncha iwe sm 3 kutoka kwenye ngozi, na uegemeze kidole chako kidogo kwenye mguu wake, maana mkono ukichoka hushuka bila mwenyewe kujua. Mkono mwingine weka vidole viwili kando ya sehemu unayoipasha. Ngozi ya mzee huchelewa kusikia moto, vidole vyako vitamsikilizia.

Anza na vishimo viwili vilivyo chini ya pia ya goti, kimoja kila upande. Kisha Zusanli, sehemu ya kupasha iliyo kwenye ugoko: kutoka kishimo cha nje shuka upana wa vidole vinne, halafu toka nje ya ukingo wa mfupa wa ugoko kwa upana wa kidole kimoja. Kila sehemu dakika 10 hadi 15. Vitabu vinasema simamisha ngozi ikishakuwa nyekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Pima kwa kiganja, ulinganishe na goti la pili. Joto liwe la kumfanya atulie. Akivuta mguu, umeshapitiliza.

Njia ya tangawizi ni salama kiasi kwa mikono migeni: kipande chenye upana wa sm 2 hadi 3 na unene wa mm 3, ukitoboe matundu kwa sindano, ukilaze kwenye ngozi, juu yake koni ndogo ya moksa iliyowashwa. Akisema inachoma, inua kipande. Usikikate chembamba kama cha chai, kitakauka na kuunguza.

Hiyo "isiyo na moshi" inayouzwa ni moksa iliyogeuzwa mkaa. Huwaka kwa ukali zaidi, kwa hiyo isogeze mbali. Ya kawaida ina moshi mwingi: fungua madirisha mawili, na mwenye pumu asiwe chumbani.

Kama bi mkubwa ana kisukari na miguu imekufa ganzi, acha kabisa. Vilevile asichomwe akiwa na homa, na usiguse uso wala tumbo la mjamzito. Lengelenge dogo liache lipone lenyewe, usilitumbue wala kupaka dawa ya meno. Kubwa, au la mwenye kisukari, peleka zahanati. Na tuelewane: moksa hupunguza kukakamaa na maumivu kwa baadhi ya watu, hairudishi gegedu lililolika. Goti lililovimba na lenye joto lenyewe si la moksa, ni la daktari.

Kuhusu aliyeuliza mtoto aliyetanguliza matako: ndiyo, ili mtoto ageuke tumboni Wachina hupasha moksa kando ya ukucha wa kidole kidogo cha mguu, sehemu wanayoiita Zhiyin. Utafiti wa mkoa wa Jiangxi, China, uliochapishwa 1998, wajawazito 260 wa mimba ya kwanza, uliona watoto waliogeuka ni 75% dhidi ya 48% ya wasiochomwa. Hilo lifanyike kliniki ikijua, si chumbani kwa siri.

Kuzima: usimwagie maji, pamba itaharibika. Ingiza ncha kwenye kopo lenye mchanga mkavu, lifunike, lirudie baada ya nusu saa uguse. Kaa la katikati huishi muda mrefu kuliko unavyodhani, na droo yenye kanga si mahali pa kuligundua.