Maswali ya Wasomaji: Mpwa Wangu Kaachwa Eti Mdogo

SWALI: Kaka habari za kazi. Mpwa wangu ana miaka 15, anacheza namba tatu, yaani beki wa kushoto, na mguu wa kushoto anao kweli. Akademi moja hapa mjini imemwacha, wanasema mwili hana. Sasa kagoma hata mazoezi, na dada anasema aachane na mpira. Nasikia Andy Robertson aliyetamba Liverpool nae aliachwa hivyo hivyo, ni kweli au stori za vijiweni? Mjomba, Mbagala.

JIBU: Ni kweli kabisa mjomba. Robertson ni mtoto wa Glasgow, alikuwa akademi ya Celtic na timu anaishabikia, wakamwacha akiwa na miaka 15 kwa sababu ni mdogo wa umbo. Akaenda Queen's Park, timu kongwe ila wakati ule ni ya ridhaa, yaani mshahara hakuna, na msimu wa 2012/13 ilikuwa daraja la nne huko Scotland. Dogo huku anacheza huku anapiga kazi uwanja wa Hampden, anapokea simu za watu wa tiketi. Agosti 2012 aliandika Twitter analalamika maisha bila hela ni ovyo na anatafuta kazi, mpaka leo watu wanaichimbua.

Sasa wengi wanaishia hapo, kaachwa halafu kawa staa, wakati utamu uko katikati. Pale Queen's Park alikuwa anacheza kila wiki na watu wazima wanaomgonga kweli, ndo Dundee United wakamwona 2013, msimu mmoja tu akabeba tuzo ya mchezaji bora chipukizi wa Scotland, 2014 Hull City ya England wakatoa karibu pauni milioni 3. Na Hull si kwamba alistarehe, alishuka nao daraja 2015, wakapanda 2016, wakashuka tena 2017! Liverpool wakamchukua kwa pauni milioni 8, bei ya kutupa, na bado akasugua benchi mpaka Alberto Moreno, beki wa kushoto aliyekuwa anaanza, alipoumia Desemba 2017. Baada ya hapo ubingwa wa Ulaya 2019, ligi 2020 na 2025, na unahodha wa taifa tangu 2018.

Kwa hiyo mjomba mtafutie dogo timu ya mtaani itakayompanga kila wiki, hata ya ndondo poa tu, ila uongee na kocha kwanza maana kuna wengine huko wanamchezesha mtoto na goti bovu. Akademi kubwa akikaa benchi miaka miwili ana faida gani? Na shule asiache, hapo dada yuko sahihi.

SWALI: Bro, ile nusu fainali ya Ulaya 2019, Liverpool 4 Barcelona 0, mshkaji anabisha Robertson hakucheza. Tumewekeana soda. Dullah, Temeke.

JIBU: Dullah alianza, lakini aliumia mguu baada ya kugongana na Suárez, half-time akatoka, Milner akasogea beki ya kushoto na aliyeingia ni Wijnaldum, ambaye akapiga mbili ndani ya dakika mbili. Mshkaji pengine aliwasha tivii kipindi cha pili. Soda yako hiyo.