Si kila shabiki wa klabu kubwa amefuata makombe

Unauliza kwa nini watu wanaiacha timu ya kwao na kushabikia klabu kubwa. Wengi hawakuiacha, hawakuwahi kuiona. Tangu Ligi Kuu ya England ianze mwaka 1992 na mechi zake kuuzwa kwa televisheni za dunia nzima, mtoto anamjua mshambuliaji wa Arsenal kabla ya kipa wa mtaani kwake.

Ushindi nao ni mtamu, sikatai. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walionyesha kuwa wanafunzi wa vyuo Marekani walivaa zaidi nguo za chuo chao timu ikishinda, tena wakisema "tumeshinda".

Lakini kuwaita wote wafuata makombe ni kuwaonea. Manchester United ilichukua ligi mara ya mwisho 2013, na mashabiki wake bado wanaumia nayo kila wikendi.