Usingoje masikio yapone ndipo mtoto asome

"Shangazi, mwanangu ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Mwezi wa pili aliugua homa ya uti wa mgongo, tukalazwa Mbeya wiki tatu. Homa imeisha ila hasikii kabisa, na akitembea anayumba. Mwalimu mkuu kasema nikae naye nyumbani mpaka apate nafuu. Bibi yake anasema karogwa. Nimesikia kuna shule ya viziwi Njombe, lakini baba yake anasema kumpeleka huko ni kumtupa. Nifanyeje? Mama, Tukuyu."

Pole sana, mwanangu. Nimekwama hapo kwenye "mpaka apate nafuu". Usikivu uliopotea kwa uti wa mgongo mara nyingi haurudi. Mtoto atangoja nini nyumbani?

Huko kuyumba ndiko kunakompa bibi la kusema. Ndani kabisa ya sikio, kiungo cha kusikia kimepakana na kile kinachotusaidia kusimama bila kupepesuka, na ugonjwa umevipiga vyote viwili. Taratibu atajifunza kujishikilia kwa macho na miguu, ndiyo maana gizani huyumba zaidi. Usiku awe na tochi akienda chooni. Asivuke mto peke yake, na ndoo ya kichwani aiache kwanza. Mweleze mama mkwe hivyo kwa heshima, mumeo akiwepo. Akitaka kumwombea mjukuu wake, amwombee. Kuchanjwa chale, hapana.

Wiki hii hii mrudishe Hospitali ya Rufaa ya Kanda, apimwe usikivu. Nakuharakisha kwa sababu baada ya ugonjwa huu mfupa unaweza kuota ndani ya sikio, ukaziba nafasi ya kupandikiza kifaa cha usikivu. Upandikizaji huo unafanyika Muhimbili tangu 2017. Ni ghali mno, sikufichi, lakini uliza mapema. Kama kuna usikivu uliobaki, shimesikio, kile kifaa cha kuvaa sikioni kinachokuza sauti, linaweza kumfaa.

Sasa shule. Mwanao alishajua kusema na kusoma kabla hajaugua, na huo ni mtaji mkubwa. Weka daftari na kalamu mezani, kila mtu nyumbani amwandikie. Zungumza naye uso kwa uso, penye mwanga, na umdai ajibu kwa mdomo, maana mtoto asiyeisikia sauti yake mwenyewe hupoteza matamshi polepole. Ila daftari halichezi mpira naye. Anahitaji lugha ya alama, na wenzake wa kuongea nayo.

Mwalimu mkuu hana mamlaka ya kumweka mtoto nyumbani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya elimu sawa na wengine. Nenda halmashauri, Rungwe, umwone afisa wa elimu maalumu. Aagize mtoto apimwe, kisha akueleze kama kuna kitengo cha viziwi karibu au ni Njombe.

Baba yake namwelewa. Njombe ni mbali, mwezi wa sita baridi inauma, na mtoto bado mdogo. Lakini mtoto anayekaa na ndugu zake wakicheka, asijue wanacheka nini, naye yuko mbali, hata kama mnakula sinia moja. Pandeni gari wote watatu, Mbeya, Makambako, hadi Njombe. Tazameni bweni, muulizeni matroni kama njia ya chooni ina taa usiku. Kisha baba akae uwanjani awaangalie watoto wanavyobishana kwa mikono. Siku akipita Iringa mjini, aingie mgahawa wa Neema Crafts, kazi ya Dayosisi ya Ruaha ya Anglikana tangu 2003, ahudumiwe na viziwi watu wazima wanaojitegemea.

Mkimpeleka, jifunzeni alama nyumba nzima, asije likizo akawa mgeni kwao.

Na yeye mwenyewe, je, mmemuuliza? Mwandikie leo jioni, umpe kalamu.