PDF ni pakacha tu

Mwaka jana nilikuwa Wete, nimekaa barazani usiku na binti ya kaka yangu, tunahangaika na maombi yake ya kazi. Vyeti, kitambulisho cha Mzanzibari, barua ya sheha, kiongozi wa mtaa: kurasa saba, zote nimezipiga picha kwa simu. Mfumo unataka faili moja la PDF, lisizidi MB 2. Nikaziunganisha, likatoka la MB 28. Likakataliwa. Nikajaribu tena, bando likakatika. "Ami, saa sita wanafunga," akanambia, kama vile sijui.

Kosa langu nilidhani PDF inabana. Haibani. Ni pakacha: ukitia madafu saba, utabeba uzito wa madafu saba. Za kupunguzwa uzito ni picha zenyewe, kabla hazijaingia.

Kamera ya simu hutoa picha ya pikseli, yaani vile vidoti vinavyounda picha, kama 4000 kwa 3000. Ukurasa wa A4 unasomeka vizuri kwa 1240 kwa 1754, yaani chini ya moja ya tano ya pikseli zote zile. Halafu nilitandika vyeti juu ya mkeka! Kila ukindu wa mkeka ule ni uzito, maana picha yenye vitu vingi vidogo vidogo haibaniki sawasawa. Weka karatasi juu ya kitu cha rangi moja, karibu na dirisha, bila taa ya simu, hasa cheti kilichotiwa nailoni, kinang'aa. Kisha kata pembe zote zisizo za karatasi.

Rangi nayo inakula nafasi. Karatasi ya maandishi matupu igeuze kijivu, lakini usifike kwenye nyeusi na nyeupe kavu: mhuri wa sheha unaweza kufifia hata usisomeke, na bila mhuri barua ile ni karatasi tu.

Siku hizi natumia skani iliyomo ndani ya Google Drive. Inakata pembe yenyewe, unaongeza kurasa moja baada ya moja, inatoa PDF. Zile tovuti za kugeuza picha bure sizipelekei kitambulisho cha mtoto wa watu.

Ukimaliza, lifungue faili, vuta karibu nambari ya cheti, pitia kila ukurasa. La kwetu lilipita saa tano na nusu, KB 900 hivi. Barua ya sheha ilikuwa kichwa chini. Nilikuja kuiona asubuhi.