Saa ya rubani: fedha inalipia nini?
Ndugu, umeuliza kama saa ya mkononi ya Bell & Ross BR 03 inastahili bei yake. Mvuto wake ni wa kweli, kwa kuwa umbo lake la mraba lenye skrubu nne pembeni limeigwa kutoka vyombo vya kupimia vya chumba cha rubani, na tarakimu zake kubwa husomeka kwa mtupo mmoja wa jicho. Hata hivyo, mtambo wa toleo lake la kawaida umetokana na ule wa Sellita, kampuni ya Uswisi inayotengeneza mitambo ya saa, unaopatikana pia katika saa za bei nafuu zaidi; kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha hulipia umbo na jina. Mimi ningetafuta iliyotumika, yenye hati zake, iliyokwisha kukaguliwa na fundi. Ijaribu mkononi kwanza, maana mraba huonekana mpana kuliko duara la kipimo hichohicho.